Kwa nini barabara za nchi za baridi zinakufa Machi na si Januari? Uzi kwa wajenzi na madereva

Kifusi Mweusi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Kwenye ule uzi wa mizani kuna mjumbe alisema barabara za Ulaya na Marekani hazina mashimo kwa sababu wenzetu hawachakachui. Nilicheka peke yangu. Njoo Minneapolis mwezi Machi, uendeshe mtaa mmoja tu kutoka taa hadi taa, halafu urudi hapa tuzungumze.

Nipo kwenye kikosi cha matengenezo ya barabara katika kaunti moja ya Minnesota, huku kaskazini mwa Marekani tunakopakana na Kanada. Madereva wa Kitanzania na Kikenya wanaoendesha malori huku wameongezeka, na kila mwaka nasikia mwingine kapigwa faini ya uzito kwenye barabara aliyopita mwezi uliotangulia bila tatizo. Hakuna aliyewaelezea kisa. Basi leo nakielezea.

Tuanze na dhana iliyozoeleka, kwamba maji yaliyo chini ya lami yakiganda yanatanuka na kuipasua. Ni kweli maji yakiwa barafu ujazo wake unaongezeka kama asilimia 9. Ila piga hesabu. Chukua udongo ambao theluthi ya ujazo wake ni maji, ugande kwenda chini mita 1 nzima. Utanuko wote unapata sentimita 3 tu. Sasa huku kuna sehemu barabara inanyanyuka sentimita 10 na kuendelea. Zilizobaki zimetoka wapi?

Jibu lilipatikana karibu miaka 100 iliyopita. Mwanajiolojia Stephen Taber wa South Carolina alichapisha majaribio yake mwaka 1929 na 1930. Badala ya maji aliloweka udongo kwa benzini ya maabara, kimiminika ambacho kikiganda kinasinyaa, hakitanuki. Udongo ukanyanyuka vilevile! Hapo hoja ya utanuko ikawa imekwisha. Kinachonyanyua barabara ni maji mapya yanayovutwa kutoka chini. Pale mstari wa baridi unaposimama ardhini, maji yanapanda kuufuata kama mafuta ya taa kwenye utambi, yanaganda hapo, yanavuta mengine, nayo yanaganda. Inajengeka tabaka ya barafu tupu, kisha nyingine chini yake, na kila moja inasukuma juu kila kilicho juu yake, lami na lori lake.

Nimeiona kwa macho. Bomba la maji lilipasuka katikati ya Februari, tukakata lami na kuchimba kwa nyundo ya upepo maana ardhi ilikuwa ngumu kama zege. Ukuta wa lile shimo ulikuwa na mistari: udongo wa kijivu, mstari wa barafu angavu unene wa sarafu, udongo, barafu, udongo. Chini zaidi kulikuwa na bamba ambalo kidole changu kilizama chote kwenye unene wake lilipoanza kuyeyuka. Mstari hata mmoja haukuwa na mchanga ndani. Barafu safi kabisa, kana kwamba mtu aliipanga kwa mkono.

Kwa hiyo vinahitajika vitu vitatu kwa pamoja: baridi inayodumu wiki nyingi mpaka iingie ardhini, udongo unaonyonya, na maji yaliyo karibu. Baridi hatuwezi kuizima. Mapambano yote yako kwenye udongo na maji.

Kuhusu udongo: mchanga safi na kokoto zina matundu makubwa, maji hayapandi kwa nguvu. Mfinyanzi mzito unavuta sana, lakini maji yanapita ndani yake kwa shida, hivyo msimu unaisha kabla hayajafika mengi. Balaa liko katikati, kwenye ule udongo wa chembe laini kama unga ambao wahandisi wanauita silti. Unavuta, na unapitisha. Arthur Casagrande, mmoja wa wakubwa wa taaluma ya udongo, aliweka kipimo mwanzoni mwa miaka ya 1930 ambacho bado kinanukuliwa: kwenye kifusi chenye chembe za saizi mchanganyiko, zile ndogo kuliko milimita 0.02 zikizidi asilimia 3 ya uzito, kihesabu ni kifusi cha hatari. Asilimia 3 tu! Lori moja la kifusi kichafu linatosha kukuharibia kipande cha barabara.

Sasa, kwa nini Machi?

Januari barabara ni ngumu mno. Kila kitu chini kimeganda, hata lori zito kupita kiasi haliitikisi. Ndiyo maana Minnesota inaruhusu malori kubeba asilimia 10 zaidi katikati ya baridi. Na elewa kwamba barabara inaganda kwenda chini kuliko shamba lililo pembeni yake, kwa sababu theluji ni blanketi, na sisi kazi yetu ni kuiondoa blanketi hiyo kila alfajiri.

Inapofika Machi jua linapiga lami nyeusi. Kuyeyuka kunaanza juu kwenda chini. Yale mabamba ya barafu ya juu yanageuka maji, ila chini yake bado kumeganda, hayana pa kushuka. Pembeni kuna kingo za theluji tuliyoisukuma sisi wenyewe, na chini yake ardhi bado ngumu, kwa hiyo hayana pa kutokea pia. Tabaka la kokoto linalobeba barabara linajaa maji. Hapo lori moja likipita, lami inabonyea, maji yenye tope yanatoka kwa nguvu kwenye nyufa, na yakitoka yanatoka na zile chembe laini. Ukisimama pembeni unaona kabisa: ekseli ya kwanza, ufa unatapika tope la kijivu, ekseli ya pili, tena. Kesho pana utando wa nyufa kama ngozi ya mamba. Keshokutwa pana shimo.

Ndiyo maana msimu huo tunafunga uzito, yaani tunashusha mzigo ambao malori yanaruhusiwa kubeba. Nitarudi kueleza namna barabara inavyokingwa tangu ujenzi. Karibuni kwa maswali.

---

Mkinga wa Makete

Mkuu hizi ni nondo. Swali la kishamba: kule kwetu Kitulo mwezi wa sita na wa saba asubuhi majani yote ni meupe, viazi vinaungua na baridi. Mbona barabara zetu hazinyanyuki?

---

Kifusi Mweusi

Si swali la kishamba hata kidogo. Kitulo baridi inapiga usiku, saa tatu asubuhi jua limeshaimaliza. Inaunguza jani, haiingii ardhini. Huku joto linakaa chini ya sifuri wiki hadi wiki, mchana na usiku, na baridi inashuka taratibu. Kanuni za ujenzi za Minnesota zinataka msingi wa nyumba ushuke inchi 42 kusini mwa jimbo na inchi 60 kaskazini, yaani mita 1.07 na 1.52, ili uwe chini ya mstari wa kuganda. Chini ya barabara iliyofagiliwa theluji, mwaka wa baridi kali mstari unaweza kupita hapo.

Barabara zenu mvua ndiyo inazimaliza. Mwizi ni yuleyule, kaingilia mlango mwingine.

---

Mpagazi wa Kibo

Niongezee hapo. Sisi wa mlimani Kilimanjaro tunaiona hii kitu kila siku kwa udogo wake. Kambi ya Karanga au Barafu, ukitoka hemani kabla ya jua, udongo wa njia umenyanyuliwa na sindano za barafu, nyembamba, zimesimama wima kama zimepandwa, na kila moja imebeba punje za udongo na vijiwe kichwani. Ukikanyaga zinalia chwa chwa. Saa nne zimeyeyuka, udongo umelegea, ndiyo maana njia zinamong'onyoka na kushuka bondeni. Wageni wanadhani ni theluji iliyoanguka usiku. Theluji ya wapi, hiyo imetoka chini!

---

Kifusi Mweusi

Mpagazi umeua. Hiyo ndiyo yenyewe, maji yamevutwa kutoka chini yakagandia juu. Tofauti ni kwamba yenu inadumu usiku mmoja, yetu miezi minne.

---

Mhandisi Mitaro

Nimekuwa kwenye miradi ya barabara Tanzania muda mrefu, nimesoma kwa makini. Mwanzisha uzi kasema vizuri, ila wasomaji wasiondoke wakidhani hili ni la kigeni kabisa. Udongo mweusi wa mbuga, ule wa Shinyanga na sehemu za Mwanza, na Kenya wanaoulalamikia sana Nairobi na viunga vyake, nao unanyanyua na kushusha barabara bila barafu yoyote. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Tiba zinafanana: chimba utupe, weka kifusi safi, au uchanganye chokaa, kisha zuia maji yasiingie wala yasitoke hovyo pembeni.

Swali langu kwa mwanzisha uzi ni la kifedha. Kama kinga ni kubadilisha udongo mpaka mita 1.5, gharama hiyo nani anaiweza kwa barabara ya kijijini? Huko mnafanyaje kiutendaji?

---

Kifusi Mweusi

Mhandisi, umegusa penyewe. Hakuna anayechimba mpaka mwisho wa baridi kila mahali. Mara nyingi wasanifu wanakubali baridi ipite tabaka la kokoto na kuingia kidogo kwenye udongo wa asili, ilimradi mnyanyuko uwe wa sare. Barabara yote ikinyanyuka sentimita 3 pamoja, dereva hajui kitu. Ugomvi ni pale kipande kimoja kinapopanda na jirani yake kimebaki. Hapo ndipo unaruka na kahawa yako inakumwagikia.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kutafuta sehemu zenye tofauti. Mahali barabara inapotoka kwenye mkato wa kilima na kuingia kwenye tuta. Mahali pana mfuko wa silti katikati ya mchanga. Chemchemi iliyofukiwa. Hapo mnachimba, mnachanganya udongo mpaka ufanane, au mnautoa na kuweka mchanga, na mwisho wa chimbo hamkati wima. Mnaukata mteremko mrefu wa taratibu ili kupanda na kushuka kugawanyike kwenye mita nyingi.

Kalavati ni shule nzima. Hewa ya baridi inapita ndani ya bomba, inagandisha udongo unaolizunguka kutoka ndani. Mkandarasi mmoja, simtaji, alifukia kalavati kwa udongo wowote aliokuwa nao karibu, akachimba mtaro wima kama kaburi. Kila Februari pale pana tuta lisilo na kibao, kila Aprili pana bonde. Tumeweka viraka mpaka tumechoka. Dawa ilikuwa kufukua, kuweka kifusi kilekile cha pande zote mbili, na kingo za mteremko. Gharama yake ilizidi kalavati lenyewe.

Mitaro ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa. Mtaro unatakiwa uwe chini ya tabaka la kokoto. Chini, si sambamba nalo. Miaka ikipita, mchanga tunaomwaga barabarani kuzuia utelezi unajaa mtaroni, nyasi zinaota, bega la barabara linapanda na kuwa juu kuliko lami. Maji yanabaki juu ya barabara. Barabara ya namna hiyo ukiiwekea lami mpya bila kuzibua mtaro unatupa hela. Pamoja na mitaro kuna mabomba ya plastiki yenye matundu yanayolazwa kando ya tabaka la kokoto, yamevishwa kitambaa cha kuchuja ili silti isiyazibe, na mdomo wake unatokea mtaroni. Vuli, kabla ya baridi kuanza, tunazunguka kuhakikisha midomo hiyo haijazibwa na panya au matope, kwa sababu bomba lililoziba linahifadhi maji palepale yasipotakiwa.

Halafu kuna njia ya blanketi: bodi za povu gumu la plastiki zinalazwa ndani ya barabara ili baridi isishuke. Zilianza kutumika barabarani miaka ya 1960. Wanorwei wanatumia pia kokoto za kioo kilichochomwa kikavimba, nyepesi, zimejaa hewa. Huku Minnesota na kule Maine wametumia hata vipande vya matairi chakavu. Inafanya kazi, lakini kuna mtego. Bodi inazuia baridi kushuka, na pia inazuia joto la ardhini kupanda. Usiku wa Oktoba lami iliyo juu ya bodi inapoa haraka kuliko ya jirani, inaota ukoko wa barafu wakati barabara nyingine bado kavu. Dereva anatoka kwenye lami kavu anaingia kwenye kioo. Ndiyo maana bodi lazima zifukiwe kwa kina cha kutosha chini ya kokoto, na haziwekwi kwenye kona au karibu na makutano bila kufikiria mara mbili.

---

Dada wa Tampere

Habarini ndugu. Miye ni wa Uvira, sasa niko Finland, naendesha basi dogo la wanafunzi vijijini. Ninyi mnaongea lami, hamjaona changarawe. Hapa barabara za serikali ni karibu kilomita 78,000 na kama theluthi yake ni changarawe, mbali na njia za watu binafsi za msituni ambazo ni nyingi mno.

Aprili njia inakuwa uji. Juu panaonekana pamekauka, gurudumu likiingia linazama mpaka chini ya gari. Malori ya magogo yanazuiwa kabisa, kwa hiyo kampuni za msitu zinatoa magogo wakati wa baridi na kuyarundika kando ya barabara ngumu. Lori la maziwa lazima lipite, ng'ombe hawangoji. Basi la watoto nalo.

Kitu kingine ni mawe. Kila mwaka njia inazaa mawe makubwa yanayochomoza katikati. Mzee mmoja wa matengenezo alinifafanulia: udongo ukiganda unalishika jiwe kichwani na kulivuta juu, chini yake panabaki uwazi, uwazi unajaa udongo laini, jiwe halirudi tena. Mwaka ujao hivyohivyo. Kulisawazisha kwa greda hakusaidii kitu, linang'olewa na mashine, shimo linajazwa kifusi. Sehemu zilizolainika sana wanatandika kitambaa kinene cha plastiki na kumwaga juu yake mawe yaliyopondwa, ili tope lisipande kuchanganyika na kokoto nzuri. Na wanazibua mitaro kama alivyosema kaka hapo juu. Mitaro, mitaro, mitaro.

---

Jicho la Othaya

Wadau, mbona hawa watu wasimwage zege kila mahali wamalize maneno? Huku kwetu kila mtu anasema zege ni ya kudumu.

---

Mhandisi Mitaro

Zege haiponi, inapata maradhi tofauti. Bamba gumu linagawa mzigo kwenye eneo pana, hivyo linavumilia msingi uliolainika kuliko lami nyembamba. Lakini likinyanyuliwa upande mmoja linapasuka au linapishana kwenye maungio. Na zege yenyewe inanyonya maji. Yakiganda ndani ya vitundu vyake inabanduka gamba juu, hasa ikimwagiwa chumvi. Dawa yake ilianza kujulikana Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930: unaweka kiungo kinachotengeneza mapovu madogo sana ya hewa ndani ya zege, asilimia 5 hadi 8 ya ujazo, ili maji yanayoganda yapate pa kusogea. Sisi zege ya kwetu hatuhitaji hilo, kwa hiyo fundi aliyezoea Dodoma akienda huko ajifunze upya.

Bei sasa. Kuna kaunti ngapi zinaweza kumwaga zege kwenye barabara ya magari machache kwa siku?

---

Kifusi Mweusi

Hilo la zege liko hata kwenye sheria, nitaligusa nikijibu madereva.

Kwenye lami kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Lami ya Minnesota si ile ya Mwanza. Nyumbani tumezoea kusikia 60/70 na 80/100, kipimo cha sindano inavyozama kwenye lami. Huku pipa limeandikwa mfano 58-34. Namba ya kwanza ni joto la barabara wakati wa kiangazi ambalo lami inatakiwa ivumilie bila kutengeneza mabonde, ya pili ni baridi chini ya sifuri ambayo ivumilie bila kukatika. Lami isiyofaa baridi inasinyaa mpaka inapasuka kukatisha barabara, bega hadi bega. Nyufa hizo zinatokea kila baada ya umbali fulani, zimepangana utadhani zimepimwa. Ufa wenyewe haukunyimi usingizi. Tatizo ni maji yanayoingia humo. Kwa hiyo vuli kazi yetu kubwa ni kupanua nyufa kwa mashine, kuzipuliza zikauke na kuzijaza mpira wa moto. Ni kazi chafu ila ndiyo inayookoa hela.

Na wanaouliza kwa nini mashimo ya Februari yanazibwa yanabanduka baada ya wiki: mitambo ya lami ya moto imefungwa msimu huo. Tunatumia lami baridi ya gunia kwenye shimo lenye maji. Ni huduma ya kwanza hiyo, tiba inasubiri Mei.

---

Tingatinga Bovu

Vipi kule ardhi haiyeyuki mwaka mzima, Siberia na Alaska? Si afadhali, haina Machi?

---

Mhandisi Mitaro

Kule mchezo unageuka. Huzuii baridi kuingia, unazuia isitoke. Lami nyeusi inapasha joto ardhi iliyoganda miaka maelfu, inayeyuka, barabara inazama. Wachina kwenye reli ya kwenda Lhasa kule Tibet, iliyofunguliwa 2006, walijenga matuta ya mawe makubwa yenye nafasi ili hewa ya baridi ipite ndani, na kusimika kando mabomba yenye gesi inayobeba joto la ardhini kulitoa nje wakati wa baridi. Alaska mabomba ya aina hiyo yapo kwenye nguzo za bomba la mafuta tangu 1977. Huo ni uzi mwingine, tusiuchanganye hapa.

---

Pwani Oslo

Nasoma kimya tangu asubuhi. Kaka Kifusi, hilo la kufunga uzito mimi sikubaliani nalo sana. Norwei ilikuwa na vizuizi vya msimu wa kuyeyuka, ikaviacha kwenye barabara za taifa mwaka 1995. Hesabu ilikuwa kwamba hasara ya samaki, mbao na maziwa kukwama ni kubwa kuliko gharama ya kurekebisha lami. Malori yanapita, nchi haijaanguka. Kwa nini mkulima wa Minnesota abebeshwe mzigo wa barabara mbovu?

---

Kifusi Mweusi

Dada Pwani, hoja yako ina uzito kwa nchi yenye mfuko wa Norwei. Ila angalia hesabu ya upande wa pili. Marekani walifanya jaribio kubwa pale Ottawa, Illinois, kuanzia 1958 hadi 1960, wanajeshi wakiendesha malori mzunguko mchana na usiku juu ya vipande vya barabara vya unene tofauti. Matokeo mawili yalitikisa watu. Moja, madhara hayaongezeki sambamba na uzito. Ekseli ikiwa na uzito mara mbili, uharibifu unakaribia mara 16. Pili, sehemu nyembamba zilikuwa zinakufa kwa wingi msimu wa kuyeyuka. Changanya hayo mawili uone lori moja zito la wiki mbovu linakula miaka mingapi ya barabara.

Barabara kuu nyingi za huku zimejengwa kubeba mwaka mzima, hazifungwi. Zinazofungwa hasa ni za kaunti na vijiji, lami nyembamba juu ya udongo wa mkulima mwenyewe, na kodi ya kuzitengeneza anailipa mkulima huyohuyo. Akichagua kungoja wiki chache, mimi simlaumu.

Pia hatubahatishi tarehe. Pale barabara ya I-94, kaskazini magharibi ya Minneapolis, kuna kituo cha majaribio kinaitwa MnROAD, kimefunguliwa 1994. Kuna vipimo vimefukiwa kwa maelfu ndani ya lami na udongo, vinasoma joto, unyevu na mkandamizo. Magari ya kawaida yanapitishwa juu ya vipande vya majaribio bila hata kujua, na pembeni kuna mzunguko ambao lori la ekseli tano lenye tani 36 linazungushwa ili kuiga barabara ya kijijini. Sehemu ya utaratibu wa kufunga na kufungua umetokana na masomo ya pale.

---

Pwani Oslo

Hapo kwenye barabara za kijijini nakuelewa. Kwenye lami nene bado nabaki na Norwei.

---

Tipa Jekundu

Wakuu mie ndiye mlengwa. Nina tipa, niko St. Cloud, nabeba kokoto. Mwaka jana askari alinisimamisha barabara ya changarawe nikiwa ndani ya uzito wangu wa kila siku, akanipa karatasi. Hakukuwa na kibao chochote. Hii ni halali?

---

Kifusi Mweusi

Pole sana mkuu. Kwa changarawe, ndiyo, ni halali. Sheria ya jimbo inasema kati ya tarehe zinazotangazwa, barabara isiyo na lami mwisho ni tani 5 za Kimarekani kwa ekseli moja, kama kilo 4,500, hata pasipo kibao. Yenye lami ni tani 10, isipokuwa mwenye barabara ameweka kibao cha chini ya hapo, na wengi wanaweka, kwa hiyo soma vibao. Barabara za zege ndizo zimeachwa nje ya hilo, Othaya ulikuwa na kapointi.

Jimbo limegawanywa kanda sita. Kusini wanaanza mapema, kaskazini mwishoni. Wanajumlisha joto la kila siku, la nyuma na la utabiri wa siku tatu zijazo, likifika kiwango wanatangaza. Tangazo linatoka angalau siku tatu kabla, na kufungwa kunaweza kufika wiki nane. Tarehe hazifanani mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ya mwaka jana usiitumie.

Ukurasa wa idara ya usafirishaji ya jimbo una ramani ya kanda na unaweza kujiandikisha upate taarifa kwa barua pepe. Fanya leo. Halafu piga simu ofisi ya kaunti unayokwenda kushusha, ulize barabara za vijiji vyao, kwa sababu kijiji kinaweza kuwa na masharti yake. Baadhi wanatoa kibali cha safari moja ukiwaeleza mzigo na njia. Wengine watakukatalia kabisa, hata ubembeleze.

---

Tipa Jekundu

Nashukuru mkuu. Sasa mteja wangu yuko Benton, kilomita mbili za mwisho ni changarawe. Nikinyanyua ekseli ya ziada ili nikate kona, si inahesabika?

---

Kifusi Mweusi

Ukiinyanyua, mzigo wote unahamia kwenye zilizobaki, hapo ndipo utapigwa vizuri. Iache chini. Punguza mzigo mpaka kila ekseli iwe ndani ya kiwango, hata kama ni safari nyingi, au mwambie mteja akusubiri mpaka wafungue.